Intaneti ya nyumbani imekataa: maswali ambayo watu wa Mombasa huniuliza kila siku

Mimi ni fundi wa intaneti za majumbani, nazunguka kisiwani, Kisauni, Nyali, Likoni mpaka Mtwapa, na simu yangu haipumziki. Maswali ni yale yale kwa hivyo nimeyaweka hapa pamoja. Yapitie kabla hujapiga, pengine utalimaliza mwenyewe wala hutongoja mtu.

Fundi, intaneti imekata. Naanzia wapi?

Anza kwa kujua imekatika wapi. Watu wengi huiruka hatua hiyo, mtu anazima na kuwasha, anabonyezabonyeza, halafu anapigia kampuni anasema "haishiki" basi, na yule wa kasitoma kea hana la kufanya na neno hilo.

Intaneti yako inapita vipande vitatu. Cha kwanza ni kutoka simu yako mpaka kwenye rauta, hiyo ndo waifai. Cha pili ni kutoka kwenye rauta mpaka kwa kampuni, yaani ule waya wa faiba au ile antena ya paani. Cha tatu ni kutoka kwa kampuni kwenda duniani. Cha kwanza ni chako wewe, cha pili ni cha kampuni, cha tatu hata kampuni yenyewe mara nyingine inangojea watu wengine.

Sasa kujua ni kipi si kazi. Chukua simu ya pili. Kama yako imekataa na ya mtoto inapata, hapo kampuni haina makosa, shida iko kwa simu yako. Kama zote zimekataa nenda katazame taa za rauta, kama ziko sawa chomeka laptopu kwa waya moja kwa moja kwenye rauta. Kwa waya inapata na kwa waifai haipati? Ni waifai. Kwa waya pia haipati? Muulize jirani anayetumia kampuni hiyo hiyo (hiyo hiyo, si nyingine). Akiwa naye hana, kaa chini unywe chai, si wewe peke yako.

Zaidi ya nusu ya simu ninazopigiwa huishia kwenye kile kipande cha kwanza, na kampuni hawezi kukusaidia hapo hata ukimfokea vipi.

Mbona waifai imejaa mistari yote lakini hakuna kinachofunguka?

Manake ile mistari inapima nguvu ya waifai kati yako na rauta tu. Haijui kama rauta yenyewe ina intaneti. Rauta ikiwa imekatwa kabisa bado itarusha waifai vizuri na simu itashika, ndo unaona lile neno la "imeunganishwa, hakuna intaneti".

Kitu kimoja cha kujaribu: kwenye brauza andika 1.1.1.1 kisha ufungue. Ukurasa ukija, au anwani pale juu ikigeuka kuwa jina, na ilhali tovuti za kawaida hazifunguki, intaneti unayo, kilichokwama ni DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Ingia kwenye seting za waifai uweke DNS ya 8.8.8.8 au hiyo 1.1.1.1, umemaliza. Na ukiona simu au laptopu imepewa namba inayoanzia 169.254 ujue rauta haijaipa anwani, zima rauta, hesabu dakika mbili, washa.

Kuna taa imeandikwa LOS inawaka nyekundu. Ni nini?

Hiyo ndo taa ninayoipenda mimi kwa sababu haina mjadala. Mwanga haufiki kwenye kifaa. Faiba ni uzi wa kioo mwembamba, ndani yake unapita mwanga, na LOS ikiwaka nyekundu manake ule mwanga umepotea njiani. Hapo usijisumbue na paswadi, usibonyeze reset, usibadilishe DNS.

Kabla hujapiga simu tazama vitu viwili tu ndani ya nyumba. Ule waya mwembamba wa njano au mweupe unaoingia nyuma ya kifaa, je, umechomeka mpaka mwisho? Ukiusukuma unatoa kamlio kadogo "tik". Pili, umekunjwa? Faiba haitaki kona kali. Niliingia nyumba moja Bamburi wamepanga sebule upya, kabati la tivi limesukumwa mpaka ukutani na ule waya umebanwa nyuma, umepigwa kona sawasawa. Kuvuta kabati kidogo tu taa ikarudi kijani, na wenyewe walikuwa wameshakosana na kampuni wiki nzima. Usiutoe waya ukapuliza kwa mdomo wala kufuta ncha kwa kanga, vumbi dogo tu pale kwenye ncha linaziba mwanga, na macho yako usiyaweke pale hata kama huoni kitu, mwanga ule hauonekani lakini upo.

Kama ndani ni sawa basi ni nje. Nje hapa kwetu kuna mambo: lori refu limepita kichochoroni likauburuta, mtu anachimba mtaro wa maji, wanaokata matawi ya mwarobaini wamekata na waya, panya kwenye dari, na kunguru hawa wetu ambao hawaachi kitu. Na kule karibu na bahari kuna chumvi. Chumvi haili kioo lakini inakula vyuma vinavyoshikilia waya kwenye mlingoti, waya unalegea, unaning'inia, upepo wa Kusi ukianza unausaga ukutani siku baada ya siku.

Kitu kingine, fundi akija mwambie akuonyeshe kipimo cha mwanga, ile namba ya dBm. Iko kwenye hasi. Ikiwa -18 au -22 uko sawa, ikikaribia -27 uko ukingoni, na ikishuka chini ya hapo, tuseme -29, hata kama inashika leo itakuwa inakata na kurudi, kukata na kurudi. Usikubali aondoke akasema "imeshika mzee" bila ya kuiona namba. Iandike mahali.

Nshalipa na bado haijarudi!

Fungua mesej ya M-Pesa utazame akaunti namba. Si peibili (ile namba ya kampuni), akaunti namba. Tarakimu moja ikikosewa umemlipia mtu usiyemjua, na yeye saa hizo anatazama mpira anamshukuru Mungu. Kama namba ni sawa zima rauta dakika tano uwashe, mara nyingi mtambo umeshapokea lakini kifaa chako bado kinashikilia ile hali ya kukatwa. Ikikataa hapo tuma ile mesej nzima ya M-Pesa kwa kampuni, uikopi, si skrini shoti iliyokatwa nusu.

Nalipia spidi ya 20 lakini nikishusha faili naona 2 na kidogo. Wananiibia?

Pengine hapana. Kampuni inauza kwa megabiti, kompyuta inashusha kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hivyo 20 gawa kwa 8 unapata 2.5. Umepata haki yako yote.

Lakini kama ulipima kwa fast.com au Speedtest ukaona 6 badala ya 20, hapo tuzungumze. Umepima ukiwa wapi? Na kwa waifai gani? Rauta nyingi za sasa zina waifai mbili, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5 (si 5G ya simu). Ya 2.4 inafika mbali lakini ni ya polepole na imejaa watu, kwenye maghorofa ya Tudor au Buxton utaona majina thelathini ya waifai kwenye simu moja na zote zinagombania chaneli tatu tu zisizokanyagana, 1, 6 na 11. Ya 5 ni ya kasi lakini ukuta mmoja mnene unaimaliza. Kwa hivyo kipimo cha haki ni kimoja: laptopu, waya, vifaa vingine vyote vimetolewa, upime asubuhi na upime usiku. Waya wenyewe pia uutazame, wa kizamani wenye nyuzi nne ndani haupiti megabiti 100 hata ukilipia mia tatu.

Na jamani si kila mtu anahitaji spidi kubwa. Netflix wenyewe wanasema 5 inatosha kutazama picha safi ya HD, 15 kwa ile ya 4K. Nyumba ya watu wanne wanaotazama TikTok na mmoja anafanya mitingi, 20 iliyo thabiti inawatosha. Neno ni thabiti. Bora 20 isiyotetereka kuliko 60 ya matangazo.

Nakaa Mji wa Kale, rauta iko sebuleni na chumba cha ndani sipati kitu kabisa. Ninunue kifurushi kikubwa?

Usinunue! Hili naliona kila siku na linanikera manake kuna wauzaji wanaojua ukweli na bado wanamuuzia mtu. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene mno. Zinapoza nyumba vizuri wakati wa Kaskazi lakini waifai hazipitishi. Ukiongeza kifurushi kutoka 10 mpaka 50, unayaongeza mapana ya barabara iliyofika sebuleni na kuishia hapo hapo.

Dawa ni kupeleka waya mpaka ndani. Vuta waya wa intaneti (ule wa kawaida, si faiba) kupitia koridoni au juu ya mlango, mwisho wake weka rauta ndogo ya pili, ile kifundi tunaiseti iwe inarusha tu. Vile vifaa vya kuchomeka kwenye soketi vya kurudia waifai ni vya bei nafuu lakini vinahitaji vyenyewe vipate waifai nzuri kwanza, na ukikiweka kwenye chumba ambacho hakipati kitu kitarudia hicho hicho, hakuna. Kiweke mlangoni, katikati.

Na rauta yenyewe iwe juu na iwe wazi. Kuna nyumba moja nilitafuta rauta nisiione, kumbe iko nyuma ya tivi, juu ya dekoda inayowaka moto, imefunikwa kitambaa kizuri cha kudarizi na juu ya kitambaa kuna maua ya plastiki. Mama wa nyumba aliona ile mataa inaharibu sebule. Nikamwambia mamangu, kitambaa ubaki nacho lakini kitandike chini yake. Joto la hapa peke yake linaitesa rauta, ukiifunika inaanza kujizima yenyewe mchana.

Mchana iko sawa, ikifika saa mbili usiku inaburuta mpaka saa tano. Kwa nini?

Kwa sababu kila mtu amerudi nyumbani. Kampuni haikupi njia yako peke yako, mtaa mzima mnagawana, na ile hesabu imefanywa kwa kutegemea kwamba hamtatumia wote pamoja. Ni feri ya Likoni saa kumi na moja jioni, chombo ni kile kile cha asubuhi, watu ndo wameongezeka.

Ila kuna kampuni zinazojaza watu kupita kiasi na hapo una haki ya kusema. Pima kwa waya saa nne asubuhi na saa tatu usiku, siku kadhaa, weka picha zenye saa na tarehe. Mtu akiwa na picha kama hizo kasitoma kea inabadilisha sauti, mimi nimeona.

Stima ikipotea, intaneti inaweza kubaki?

Kwa faiba ndio, mara nyingi. Kile kisanduku kilichoko kwenye mlingoti kinachogawanya faiba hakitumii stima kabisa, kwa hivyo vifaa vyako vikipata umeme unaweza kuendelea hata mtaa mzima uko gizani. Nunua ile UPS ndogo ya rauta, yaani betri ya akiba. Geuza rauta usome nyuma, nyingi ni volti 12, na usome na ampea, UPS isiwe chini ya hapo. Na kama una vifaa viwili, kimoja cha faiba na rauta mbali, vyote viwili vipate umeme, watu huweka kimoja halafu wananipigia.

Stima ikirudi ndo hatari. Inarudi kwa kishindo, inapanda inashuka, na adapta ndo za kwanza kufa. Stima ikipotea chomoa kwenye soketi, ikirudi ngoja itulie kwanza.

Mimi sina faiba, nina dishi dogo paani. Mvua ikinyesha inakatika.

Watu wanalaumu matone ya mvua lakini kwa vidishi hivi vya mitaani mara nyingi si matone. Ni maji yameingia kwenye kichwa cha waya ambacho hakikufungwa vizuri, au upepo umegeuza dishi kidogo tu, au ule mwembe wa jirani. Ndio, mwembe. Dishi lilipofungwa mti ulikuwa mdogo, masika yamekuja majani yamejaa na yamelowa, na dishi halioni tena mnara. Panda paani siku ya jua, utazame lilikoelekea kama kuna kitu mbele. Kama hujui kupanda usipande, mabati ya hapa yameliwa na chumvi hayana dhamana.

Wanasema waya wa baharini umekatika. Ni kweli au ni kisingizio?

Inaweza kuwa kweli, na hapa ndo penyewe. Nyaya kubwa za intaneti za Kenya zinatoka baharini hapa kwetu pwani. TEAMS inayotoka Fujairah kule Falme za Kiarabu na SEACOM zote zilifika 2009, EASSy ikafuata 2010, LION2 mwaka wa 2012, baadaye zikaja DARE1 na PEACE. Kabla ya 2009 nchi ilitegemea setilaiti, waliokuwa wakienda saiba enzi zile wanakumbuka.

Na zinakatika kweli. Februari 2012 meli ilitia nanga nje ya bandari ya Mombasa mahali pasiporuhusiwa, nanga ikakata TEAMS. Februari 2024 zilikatika nyaya kwenye Bahari ya Shamu, SEACOM ikiwemo. Tena tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zikakatika karibu na Durban, Afrika Mashariki nzima ikaona taabu.

Lakini tazama dalili zake. Waya wa baharini ukikatika intaneti haifi moja kwa moja, inakuwa nzito, vitu vya ng'ambo vinasumbua na vingine vilivyohifadhiwa humu humu nchini vinafunguka kama kawaida, na kampuni nyingi zinalia pamoja. Kama LOS yako ni nyekundu na jirani wa kampuni nyingine anatazama YouTube bila ya kukwama, usidanganywe na habari za bahari. Ni mlingoti wa hapo nje.

Na wale wanaoniuliza mbona waya unatua Mombasa na sisi tunapata taabu: unatua ndio, lakini kati ya kituo cha kutua na mlango wako kuna kampuni, mitambo, milingoti na yule kunguru.

Nibonyeze kile kitundu cha reset?

USIBONYEZE. Kuzima na kuwasha ni kitu kimoja, reset ni kingine. Ukikishikilia kama sekunde kumi kinafuta kila kitu, pamoja na jina na paswadi ambazo kampuni iliweka ndani ili ikutambue. Hapo ulikuwa na shida ndogo sasa unazo mbili, na lazima mtu aje.

Nadhani jirani anatumia waifai yangu, nitajuaje?

Ingia kwenye rauta kwa brauza, anwani iko kwenye kibandiko cha chini, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Tazama orodha ya vifaa. Zima vifaa vyako vyote ila hicho unachotazamia, ukiona kinachobaki si chako, ndo huyo. Badilisha paswadi ya waifai na paswadi ya kuingilia rauta pia, ile ya kwanza iliyokuja nayo kila mtoto wa mtaa anaijua. Na mtoto wako ndo huwapa wenzake, ongea naye kwanza kabla hujamnunia jirani.

Nikipiga kasitoma kea niseme nini wanisikize?

Akaunti namba, tangu saa ngapi, taa gani inawaka rangi gani, umejaribu kwa waya au la, jirani wa kampuni hiyo anapata au la. Hayo matano kwa pumzi moja. Yule kijana ana karatasi ya maswali mbele yake na ukimjibu kabla hajauliza anaruka moja kwa moja kwenye kukufungulia tiketi, yaani kuandikisha lalamiko lako. Dai namba ya tiketi, iandike. Bila ya namba hiyo kesho utaanza upya na mtu mwingine kama hamkuwahi kuzungumza.

Tiketi iko, siku zinapita, fundi "yuko njiani".

Andika kwa imeili au mesej, si simu peke yake, simu haiachi alama. Taja namba ya tiketi na tarehe, na udai zile siku ulizokosa ziongezwe kwenye kifurushi. Kampuni nyingi zinaongeza ukidai, hazikumbuki wenyewe. Wakinyamaza kabisa peleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, ila hao watakuuliza kwanza kama ulilalamika kwa kampuni na ulijibiwa nini, ndo maana nasema uandike.

Fundi amekuja anataka pesa mkononi.

Muulize kampuni kabla hujatoa. Kuunga waya wao uliokatika nje kwa kawaida ni juu yao. Kuhamisha rauta chumba kingine au kuvuta waya mpya ndani ya nyumba kunaweza kuwa na malipo, lakini yanapitia peibili na una mesej. Ya chai ni hiari yako, si bei.

Nihame niende Starlink au 5G?

Starlink, ile intaneti ya setilaiti, iko Kenya tangu Julai 2023, na kwa mtu wa Utange ndani kabisa ambako faiba haijafika ni sawa, mradi dishi lione mbingu wazi bila ya minazi. 5G, ile ya mtandao wa simu, ni nzuri ukiwa karibu na mnara, omba ujaribu ukiwa nyumbani kwako na si dukani. Lakini kama una faiba na tatizo lako ni ukuta wa matumbawe utahama nalo.

Nikihama, rauta ya kampuni ya zamani niitupe?

Soma mkataba. Nyingi ni mali ya kampuni hata kama ulilipa pesa ya kufungiwa. Irudishe na adapta yake, wakuandikie risiti yenye namba ya kifaa, usiondoke ofisini bila ya hiyo risiti.